Aivi Ukutani: Jumba la Mashambani la Kiingereza na Simanzi ya Picha

Kati ya picha 24 zilizotolewa katika matoleo madogo sita ya kitabu The Pencil of Nature, kuanzia 1844 hadi 1846, picha ya 15 inaonyesha nyumba ya mwandishi mwenyewe. Ni Lacock Abbey, katika kaunti ya Wiltshire, kusini-magharibi mwa Uingereza. Kamera imewekwa mbali, na mto Avon uko kati yake na jumba. Jumba limesimama juu ya ukingo, sura yake imepinduka majini, na upande wa kulia umechomoza mnara uliochongoka wa kanisa la kijiji. Mwenye nyumba, William Henry Fox Talbot, anaieleza picha hiyo kwa maneno makavu mno: ni mojawapo ya picha za makao ya mwandishi, ni jengo la kidini la kale, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 13, sehemu zake nyingi zingali imara. Hakuna neno hata moja kuhusu huzuni. Hata hivyo, mtazamaji wa leo aifunguapo kurasa hiyo, kitu cha kwanza kimpatacho ni simanzi: simanzi tamu, ya kuvuta, isiyo na kisa.

Simanzi hiyo imetoka wapi? Swali hili linastahili kuulizwa katika idara za fasihi, wala si katika idara za sanaa za uchoraji peke yake, kwa sababu picha ya jumba la mashambani lililovikwa aivi imekuwa sehemu ya mafunzo ya kifasihi bila ya kutajwa katika mtaala wowote. Imekaa juu ya majalada ya riwaya za Jane Austen na za akina Brontë. Mwanafunzi wa Kenya alikutana nayo kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, akajifunza kuipenda kabla hajaambiwa ni nyumba ya nani. Waraka wa Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba wa Oktoba 1968, uliotaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe, ulihoji vitabu na nafasi yao katikati ya masomo. Majalada hayakuhojiwa. Yamkini hayo ndiyo yaliyodumu zaidi katika nafsi za wasomaji.

Inafaa kuanza na mmea wenyewe, kwani umesingiziwa mengi. Aivi, ambayo wanabotania huiita Hedera helix, ni mmea wa asili wa Uingereza. Hutambaa kwa vijimizi vifupi vinavyojishikiza kwenye jiwe au gome, na majani yake hayapukutiki wakati wa baridi. Haunyonyi mti unaoupanda. Chakula chake huutoa ardhini kama miti mingine. Sifa yake kubwa katika fasihi ni uzee. Dickens, katika The Pickwick Papers (1836–37), alimfanya kasisi wa kijijini asome shairi zima la kuusifu mmea huu unaostawi juu ya magofu. Lakini ushahidi wa aivi kuhusu umri wa jengo ni ushahidi wa uongo. Ukuta uliojengwa jana unaweza kufunikwa wote katika muda wa miongo michache tu, na wapo matajiri wa karne ya 19 waliojenga majumba mapya kwa mtindo wa kale na kupanda mitambaazi kwenye misingi yake ili jengo lizeeke haraka. Zaidi ya hayo, ile "aivi" inayogeuka nyekundu kama moto wakati wa majani kupukutika si aivi kamwe. Aina moja yake, Parthenocissus quinquefolia, ilitoka Amerika ya Kaskazini. Nyingine, Parthenocissus tricuspidata, ilitoka Asia ya Mashariki na kuingia katika bustani za biashara za Uingereza katika miaka ya 1860. Basi sehemu ya ule ukale wa Kiingereza uonekanao ukutani ililetwa kwa meli, pamoja na chai na sukari.

Macho hayakuzaliwa yakiupenda ukuta uliotambaliwa. Yalifundishwa. Mwalimu mkuu alikuwa kasisi William Gilpin, aliyesafiri kwa mashua katika mto Wye mwaka 1770 na kuchapisha maelezo ya safari hiyo mwaka 1782. Gilpin alitafuta kile kinachoweza kuitwa uzuri wa kuchoreka: mandhari isiyo laini sana wala iliyonyooka sana, yenye mikwaruzo, giza na nuru. Alipofika kwenye gofu la Tintern Abbey aliisifu aivi iliyolipamba, lakini ncha za kuta zilizobaki hazikumridhisha kwa kuwa zilikuwa na ulinganifu uliopita kiasi. Akapendekeza kwamba nyundo, ikitumiwa kwa busara, ingeweza kusaidia. Wasomaji wamecheka tangu wakati huo, na kwa haki. Lakini mzaha huo una jambo zito ndani yake, kwa sababu nyundo ilikuwa imekwisha kutumika pale. Tintern haikubomoka kwa uzee. Ilivunjwa, kama zilivyovunjwa nyumba za watawa zipatazo mia kadhaa, kwa amri ya Mfalme Henry VIII kati ya 1536 na 1540. Mali zao zilitwaliwa na Taji, kisha zikauzwa kwa wenye fedha na wenye ujamaa na wakubwa. Aivi ilikuja baadaye, ikalifunika tendo la kisiasa kwa kitu kilichoonekana kuwa kazi ya majira.

Lacock ni mfano wa wazi zaidi kuliko Tintern, kwa kuwa haikuachwa iwe gofu. Watawa wa kike walioishi humo waliondolewa mwaka 1539. Aliyeinunua alikuwa William Sharington, ambaye alilibomoa kanisa la watawa, akahifadhi ua wao wenye matao, na juu ya ua huo akajenga makao yake. Sharington huyu baadaye alisimamia kiwanda cha sarafu cha Bristol, akakamatwa mwaka 1549 kwa wizi na kughushi katika kazi hiyo, akapoteza mali yote, akasamehewa, na akairudisha kwa kulipa. Kwa njia ya ndoa jumba likaingia katika ukoo wa Talbot. Katika miaka ya 1750 mmoja wa warithi alijenga ukumbi mpya kwa mtindo wa Kigothi, yaani mtindo wa zama zile zile ambazo Sharington alizivunja. Ni kana kwamba ukoo uliobomoa kanisa ulikuja kutamani sura yake. Huzuni ya jengo la namna hii si ya watawa. Watawa hawakuulizwa.

Talbot aliyeipiga picha nyumba hii alizaliwa mwaka 1800 na akahamia Lacock mwaka 1827. Alikuwa mwanahisabati, mwanabotania, msomaji wa lugha za kale, na kwa muda mfupi mbunge wa Chippenham. Hakuwa na mkono wa kuchora. Mwezi wa Oktoba 1833, akiwa kando ya ziwa Como huko Italia, alijaribu kuchora mandhari kwa msaada wa kioo maalumu akashindwa, na kushindwa huko ndiko kulikomtia hamu ya kutafuta njia ya kuufanya mwanga uchore wenyewe. Katika kiangazi cha 1835 alitawanya visanduku vidogo vya mbao kuizunguka nyumba yake, kila kimoja kikiwa na lenzi na kipande cha karatasi kilichopakwa chumvi ya fedha. Mkewe Constance aliviita mitego ya panya. Moja ya karatasi hizo, ya mwezi wa Agosti, imesalia hadi leo: ni negativu ya dirisha la jumba, ndogo sana, na kando yake Talbot ameandika kwamba ilipotengenezwa, vipande vya vioo vya dirisha vipatavyo 200 viliweza kuhesabiwa kwa msaada wa lenzi.

Neno hilo la kuhesabu lisipitwe upesi. Mtu wa kwanza kuzipiga picha kuta hizi hakuziangalia akaugua, alizihesabu. Ukiyasoma maelezo yake kwa picha ya vyombo vya kauri katika kitabu hicho hicho, tabia hiyo inajitokeza tena. Rafu zimejaa vikombe, sahani na mabakuli, na Talbot anaeleza kwamba kamera huandika orodha ya mkusanyo wote kwa mara moja, upesi kuliko kalamu. Na kama mwizi angeviiba vyombo hivyo, picha ingeweza kupelekwa mahakamani iwe shahidi wa aina mpya. Picha ilizaliwa katika jumba la mashambani ikiwa daftari la mali. Maneno ya Talbot kwamba Lacock lilikuwa jengo la kwanza kujichora lenyewe, aliyoyatoa mbele ya Royal Society mwezi wa Januari 1839, ni maneno ya kupendeza, lakini yanamfanya mwenye mali atoweke nyuma ya mali yake. Nyumba imejichora, hakuna aliyeichora. Mali imejieleza, hakuna anayedai.

Mhakiki aliyelelewa na fasihi ya Kiswahili hawezi kuiona rafu ile ya kauri bila ya kuyakumbuka majumba ya Pate katika Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, pamoja na zidaka zake na vyombo vyake vya kichina. Hakuna uhusiano wa kihistoria kati ya kazi hizo mbili, ingawa zimetengana kwa miongo michache tu. Tofauti yao ndiyo inayofundisha. Mshairi wa Pate anaingia ndani ya jumba lililokufa na kuuliza walikokwenda wenyewe. Wadudu na ndege waliolikalia ni hoja dhidi ya kiburi cha waliokuwa na taa na mazulia. Gofu lake lina mshtakiwa. Gofu la Gilpin halina. Na picha ya jumba lililovikwa aivi inakwenda hatua moja mbele ya Gilpin, kwa kuwa hulisimamisha jengo pale pale ambapo uchakavu ungali mtamu: majani yamefika dirishani, lakini paa halijavuja. Ni kifo kilichoahirishwa, na wenyewe bado wamo ndani wakinywa chai.

Lakini kuna sehemu ya simanzi hii ambayo si ya fasihi wala ya siasa, nayo haina budi kupewa haki yake, maana wahakiki wengi wameipuuza. Ni kemia. Chumvi za fedha zilizotumiwa na Talbot na waliomfuata ziliuhisi mwanga wa buluu na zambarau. Rangi ya kijani ziliihisi kidogo mno, na nyekundu karibu haikuzigusa. Kwa hiyo jani la kijani, ambalo machoni pa mtu ni angavu na lenye uhai, liliingia katika picha likiwa zito, karibu jeusi. Wakati huo huo anga la buluu liligeuka kuwa karatasi nyeupe tupu, bila wingu. Ukuta wa aivi uliopigwa picha saa sita mchana katika kiangazi cha furaha ulitoka ukiwa umegubikwa na giza la jioni. Aidha, mwendo ulipotea. Talbot mwenyewe anasema kwamba picha zake za mwanzo za jumba lake, hata zile za haraka kuliko zote, zilihitaji dakika tisa au kumi. Katika muda huo upepo hulitikisa kila jani, na majani elfu yaliyotikiswa huwa ukungu mmoja. Kalotaipu, njia aliyoigundua mwaka 1840 na kuisajili kuwa hakimiliki yake mwaka uliofuata, ilifupisha muda huo, lakini nyuzi za karatasi ya negativu zililainisha kingo za kila kitu. Mtazamaji anayesema kwamba picha kama hiyo "imeshika roho ya nyumba" mara nyingi anausifu upungufu wa chumvi ya fedha. Sahani zilizoweza kuihisi rangi ya kijani zilianza kutafutwa baada ya ugunduzi wa Hermann Vogel mwaka 1873, na zile za kuhisi rangi zote ziliingia sokoni katika muongo wa kwanza wa karne ya 20. Kufikia wakati huo mtazamaji alikuwa amekwisha zoea giza. Wapigapicha waliokuwa na uwezo wa kulionyesha jani lilivyo waliendelea kulitia weusi kwa kusudi.

Jambo hilo hilo lilitokea kwa watu. Mwanzoni kutokuwepo kwao kulikuwa kwa lazima: mtumishi anayepita uani kwa dakika moja katika picha ya dakika kumi haachi alama. Talbot alijitahidi kuwarudisha. Picha yake ya 14 inaonyesha wanaume waliopangwa kando ya ngazi, nao wamekaa kimya kwa ajili ya kamera. Lakini jarida la Country Life lilipoanzishwa na Edward Hudson mwaka 1897, lazima hiyo ilikuwa imekwisha. Kamera ziliweza kumkamata farasi akiruka. Na bado picha za majumba zilizopigwa kwa ajili ya jarida hilo na Charles Latham na wenzake ni picha za vyumba visivyo na mtu, ngazi zisizo na mtu, bustani zilizopunguzwa vizuri ambazo hazina mtunza bustani. Majumba hayo yaliajiri wapishi, wafua nguo, wachunga farasi na wasichana wa kuwasha moto kabla ya mapambazuko. Hao wote waliondolewa katika fremu, na utupu uliobaki ukaitwa utulivu.

Hapa historia ya picha inaungana na historia ya ushairi. Raymond Williams, katika The Country and the City (1973), aliusoma utanzu wa mashairi ya kusifu majumba ya mashambani, hususan shairi la Ben Jonson kuhusu Penshurst lililochapishwa mwaka 1616. Alionyesha jinsi mshairi anavyoyafanya mazao, samaki na ndege yajitoe yenyewe kwa meza ya bwana, kana kwamba hapana mkono uliolima, uliovua wala uliotega. Kazi imefutwa, ukarimu wa nyumba umebaki ukielea. Williams hakushughulika sana na picha, na hilo ni pengo, kwa sababu picha ya Lacock ni shairi la Penshurst lililopata mashine. Jonson alihitaji ufundi wa lugha ili mkulima asionekane. Kamera ilifanya hivyo bila jitihada, na kwa sababu ilikuwa mashine, ikaaminiwa.

Waliofutwa hawakuwa wa kijijini peke yao. Harewood House, katika Yorkshire, lilianza kujengwa mwaka 1759 kwa ajili ya Edwin Lascelles, ambaye utajiri wa ukoo wake ulitokana na sukari, mikopo na watumwa wa visiwa vya Karibi, Barbados kabla ya vingine. Roger Fenton, mpigapicha aliyekuwa maarufu kwa picha zake za vita vya Crimea, alilipiga picha Harewood karibu na mwaka 1860: baraza la mawe, bustani iliyopangwa kama zulia, watu wachache wakiwa wadogo kama mapambo. Ni picha nzuri mno. Robo karne kabla yake, Bunge la Uingereza lilikuwa limetenga pauni milioni 20 kuwafidia, si watumwa walioachwa huru, bali waliowamiliki. Na bwana wa Harewood alipata zaidi ya pauni 26,000 kwa ajili ya watu 1,277. Rekodi za fidia hiyo zimewekwa wazi tangu 2013 na watafiti wa University College London. Edward Said alikuwa amekwisha kulidokeza jambo hili kwa upande wa fasihi mwaka 1993, katika Culture and Imperialism, alipoisoma Mansfield Park ya Austen (1814) kutokea Antigua, mahali ambapo mwenye jumba anakwenda na kurudi bila riwaya kumfuata. Wapinzani wa Said walilalamika kwamba anaulazimisha ukimya useme. Lalamiko hilo lingekuwa na nguvu kama ukimya wenyewe usingekuwa umejengwa kwa uangalifu mkubwa namna ile. National Trust ilipochapisha ripoti mwaka 2020 kuhusu uhusiano wa nyumba zake na ukoloni na utumwa, ghadhabu iliyozuka magazetini ilikuwa, kwa kiasi kikubwa, ghadhabu ya watu walioharibiwa picha.

Simanzi ilipata sababu ya kweli mwishoni mwa karne ya 19. Ngano ya bei nafuu kutoka Amerika ya Kaskazini ilishusha kodi za mashamba tangu miaka ya 1870; kodi mpya ya urithi ikaja mwaka 1894; vita viwili vikawaua warithi na kuwapeleka watumishi viwandani. Zaidi ya majumba 1,000 yalibomolewa kati ya 1875 na 1975. Lacock lilinusurika kwa sababu Matilda Talbot, mjukuu wa mpigapicha, alilitoa pamoja na kijiji kizima kwa National Trust mwaka 1944. Mwaka uliofuata Evelyn Waugh alichapisha Brideshead Revisited, riwaya inayolilia jumba kabla halijafa. Katika dibaji aliyoiandika mwaka 1959 alikiri kwamba maombolezo yake yalikuwa yametangulia msiba: majumba mengi yalikuwa yamesalimika, na watu walikuwa wakilipa kiingilio kuyaona. Mwaka 1974 Victoria and Albert Museum ya London ilifanya maonyesho juu ya majumba yaliyobomolewa. Katika ukumbi mmoja picha za majumba yaliyopotea zilibandikwa juu ya mfano wa nguzo zinazoanguka, na sauti ikasoma majina yao moja baada ya jingine, kama yasomwavyo majina ya askari waliokufa. Hakuna maonyesho ya ukubwa huo yaliyosoma majina ya waliofua mashuka.

Ingekuwa rahisi kuishia hapa na kuihukumu picha kuwa hila ya mabwanyenye. Lakini hukumu hiyo ingeshindwa kumweleza William Morris. Morris alikuwa mjamaa, tena si mjamaa wa maneno. Naye aliipenda Kelmscott Manor, nyumba ya mawe kando ya mto Thames, kwa mapenzi yasiyofichika. Ndiyo nyumba ambayo safari ya News from Nowhere (1890) inaishia, katika Uingereza ya kufikirika isiyo na mabwana, na ndiyo iliyochorwa mwanzoni mwa toleo la kitabu hicho lililotoka katika mitambo yake mwenyewe. Mwaka 1896, mwaka wa kifo cha Morris, Frederick Evans alizipiga picha za Kelmscott ambazo ni miongoni mwa picha bora za nyumba zilizowahi kupigwa popote. Ile ya darini, yenye nguzo za mbao zilizoinama na mwanga unaoingia kama mgeni, inaonyesha kazi ya seremala kuliko fahari ya mwenye nyumba. Simanzi yake haimfuti mfanyakazi. Imetokana na alama za shoka lake.

Morris hakuimiliki Kelmscott. Aliipangisha tangu 1871 hadi kufa kwake. Daphne du Maurier naye alikuwa mpangaji. Alilikuta jumba la Menabilly, huko Cornwall, likiwa limefungwa na kumezwa na aivi, akaliota kwa miaka, akalitia katika Manderley ya riwaya yake Rebecca (1938), kisha akaishi humo kwa mkataba kuanzia 1943 hadi 1969, mwenye mali alipolitaka. Waugh alikuwa mgeni wa wikiendi katika majumba ya marafiki. Mpangilio huu si wa bahati. Mwenye nyumba, kama Talbot, huhesabu vioo vya dirisha. Anayejua kwamba ataondoka ndiye anayeugua mbele ya ukuta. Sauti kuu za simanzi ya jumba la mashambani katika fasihi ya Kiingereza ni sauti za watu waliosimama mlangoni, na huenda hiyo ndiyo sababu msomaji wa Nakuru au wa Kisumu, ambaye hakualikwa kamwe, aliweza kuingia katika hisia hiyo kwa urahisi uliomshangaza yeye mwenyewe.

Jumba lenyewe lilimfuata hadi kwake. Maurice Egerton, lodi wa nne na wa mwisho wa ukoo wake, alirithi Tatton Park, jumba kubwa la Cheshire lenye mabustani mashuhuri. Kwa muda mrefu wa maisha yake alikaa Njoro, katika Bonde la Ufa, kwenye ardhi ambayo sheria za kikoloni ziliwatengea Wazungu peke yao. Mwaka 1938 alianza kujenga huko jumba la mawe lililokamilika mwaka 1954. Waongozaji wa wageni husimulia kisa cha mwanamke aliyekataa kuolewa kwa kuwa nyumba aliyoonyeshwa kwanza ilikuwa ndogo. Kila jumba la namna hii hudai kisa cha mapenzi, na hiki kinafanya kazi yake vizuri. Shule ya kilimo aliyoianzisha Egerton mwaka 1939 kwa vijana wa Kizungu ndiyo iliyokua hadi kuwa Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1987. Alifariki Kenya mwaka 1958 bila mrithi, na Tatton ikaenda kwa National Trust.

Kwa hiyo bwana mmoja ameacha picha mbili. Katika ile ya Tatton, kama inavyoonekana katika vitabu vya wageni, majani yamekatwa vizuri na hakuna mtu. Ile ya Njoro ni vigumu kuipata ikiwa tupu. Jumamosi maharusi hupanda ngazi zake na wapambe wao, shangazi wakishikilia shela isiguse vumbi, na mpigapicha akipaza sauti ili watoto waliokalia ukuta wa mbele wasogee kidogo kushoto.